Kituo cha Rangi ya Machungwa

Dada yangu mpenzi,

Na rangi ya machungwa ndiyo maneno niliyokuwa nayo mdomoni simu ilipokatika. Najua ulidhani nazungumzia gauni jipya, maana nilikusikia ukianza kucheka na kusema kwamba bibi harusi hachoki kujipamba. Sikuwa nazungumzia nguo, dada. Nilitaka kupiga tena, nikaona bora nikae kwenye meza ya kukatia vitambaa nikuandikie, kwa sababu karatasi hainikatizi na haiwezi kunicheka.

Kwanza, hujambo? Shemeji mgongo wake umepoa, au bado anainama kama anatafuta sindano? Na wanangu je, yule aliyeng'oka meno ya mbele ameota mengine, au bado anapiga miluzi akitamka jina lake? Wabusu wote. Mimi mwili wangu ni mzima. Habari za moyo utaziamua mwenyewe ukifika mwisho.

Leo ni siku ya sabini na moja tangu niolewe. Ndiyo, bado nahesabu, na usitikise kichwa. Mume wangu anaamka kabla yangu, anachemsha chai, ananiletea kikombe kitandani huku amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga. Akienda kwenye karakana yake ya useremala hurudi kutoka mlangoni mara ya pili, eti amesahau rula, na rula iko mfukoni. Ile mikono yake, dada! Unakumbuka siku ya kwanza ulipoiona ulisema ni mikono ya mtu wa kazi. Kidole chake cha mwisho cha kulia kiliachwa nusu kwenye msumeno, nami kile kinusu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Jioni akitoka kiwanjani kuchora mistari, mikono huwa myeupe kwa chokaa, naye hunishika mgongoni bila kunawa, akaniachia alama: vidole vinne na kinusu. Alama ya kwanza niliivaa siku tatu. Wateja wangu walicheka mpaka mmoja akaniuliza kama ni nembo ya kiwanda.

Kiwanja ninachosema ni cha besiboli ya watoto. Kabla sijaolewa nilidhani ni mchezo wa kupiga mpira kwa rungu na kukimbia bila sababu. Sasa naujua kama naujua mshono wa kola. Mtoto mmoja anatupa, mwingine anapiga, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne, na vituo vyenyewe ni mito ya turubai iliyolala chini. Wenzake wa upande wa pili wanajitahidi kuufikisha mpira kwenye kituo kabla yeye hajafika. Mume wangu ndiye mwamuzi mkuu, na watoto wanamwita Bwana Chokaa. Lakini kinachomnyima usingizi si nani ameshinda, ni nani atagongwa. Ameandika kanuni kwa mkono wake na ananisomea mezani. Mkimbiaji anayekaribia kituo aserereke au akwepe; akimvamia mwenzake kwa bega, anatolewa. Mdakaji, yule anayelinda kituo cha mwisho, akiwa hana mpira mkononi haruhusiwi kuziba njia. Kofia ngumu haivuliwi mpaka mtoto arudi kwenye benchi. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza kanuni hizo kama mtu anayesomewa mashairi ya mapenzi. Nilijiambia kwamba mwanamume anayeogopa hivi watoto wa watu wasiumie, wake mwenyewe atawabeba kwenye pamba.

Halafu akatokea nesi.

Usidhani ni mzee mwenye miwani. Ni mwanamke wa rika lako, shingo ndefu, kicheko cha kukaribisha wageni, na watoto wanampenda wanamwita Bendeji. Kila Jumamosi anakaa pembeni ya kiwanja na sanduku lake la dawa. Kila nikisikia kanuni mpya, nyuma yake yupo yeye. Bendeji amesema hivi, Bendeji ameshauri vile. Nikipika wali ukaungua, mume wangu ananiambia hakuna shida, halafu anaendelea na Bendeji. Na mimi anapopita dukani kwangu ananiita wifi! Nilijiuliza wifi wa wapi, wakati mume wangu kwa mama yake ni mtoto wa pekee, hana kaka wala dada. Mtu hawi wifi hivihivi, dada. Nilijua lile neno ni pazia, na nyuma ya pazia kuna dirisha.

Jumapili ya wiki mbili zilizopita kulikuwa na kikao cha wazazi katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nesi akachukua chaki akachora mraba mweupe ubaoni, na ubavuni mwake mraba mwingine wa rangi ya machungwa. Akaeleza kwamba anaogopa kituo cha kwanza kuliko vyote, kwa sababu watoto wawili wanaukimbilia mto mmoja kwa wakati mmoja: mlinzi ameukanyaga huku macho yakiwa kwenye mpira, na mkimbiaji anaukanyaga huku macho yakiwa mbele. Basi kituo kiwe pacha. Nusu nyeupe ya mlinzi, nusu ya machungwa, upande wa nje, ya mkimbiaji. Kila mtu na mlango wake.

Muuza viatu, ambaye mwanawe ni mpigaji hodari, akadakia kwamba sasa mchezo umekuwa wa mayai, na mtoto asiyegongwa atayajuaje maisha. Nesi akamjibu kwamba aje Jumatatu zahanati na kichwa chake, atamfundisha maisha bila foleni. Darasa zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, ndipo nikakumbuka kwamba simpendi.

Kisha akamwomba mume wangu wawaonyeshe wazazi jinsi watoto wanavyogongana. Mume wangu akakimbia taratibu kutoka mlangoni, nesi akasimama karibu na ubao amenyoosha mguu, wakakutana. Kifua cha mume wangu kikafika begani mwake, naye akamshika mkono asianguke. Nusu sekunde, dada. Wazazi waliona somo la usalama. Mimi niliona nusu sekunde yenye urefu wa mtaa mzima.

Na kama haitoshi, mume wangu akawageukia wote, uso unang'aa, akasema kichwa cha huyu dada ni hazina, na kwamba kituo hicho pacha kitashonwa na mke wake, ambaye cherehani yake ingeweza kushona hata upepo. Watu wakanipigia makofi. Mwenzio nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Yaani wazo ni la kwake, sifa ni za kwake, na mikono ya kulifanya liwe kweli ni yangu!

Jumanne yake nikiwa dukani, nesi akapita amevaa sweta ya bluu. Akanisalimia, wifi za leo, nikajibu nzuri. Alipogeuka kwenda zake nikaona mgongoni, chini kidogo ya bega, alama nyeupe ya chokaa. Vidole vinne. Na kinusu.

Nilijidunga sindano, na damu ikatia doa kola ya mteja. Msusi wa duka la jirani, tunayechangia naye birika na benchi la nje, akaniuliza nina nini mbona nimekuwa rangi ya majivu. Nikasema ni joto. Jioni nilinusa shati la mume wangu kama mbwa wa askari, nikakuta harufu ya mbao na sabuni yetu. Nikamuuliza siku yake ilikuwaje, akasema mistari ya kiwanja imefutika itabidi aichore upya, kisha akanyamaza kama mtu mwenye chakula mdomoni. Ulinifundisha nisiulize swali ambalo jibu lake sina mahali pa kuliweka. Sikuuliza. Lakini tangu siku hiyo kila akisema Bendeji nilikuwa nasikia kama anauma kitu kitamu.

Basi Jumamosi ikafika, mechi ya kwanza ya msimu, na kituo pacha hakikuwepo. Turubai la machungwa, kama nilivyomwambia mume wangu siku ya Alhamisi, lilikuwa bado halijafika dukani. Alifikiria kuahirisha mechi. Nikamwambia wiki moja haiharibu kitu, watoto wamengoja sana, uweke mto wa zamani tu. Akanibusu kwenye paji la uso akasema nina busara.

Nesi alikuja na mwanamume mrefu mwenye miwani myeusi na fimbo nyeupe. Akamkalisha kwenye benchi, akawa anamsimulia mchezo sikioni, neno kwa neno. Nikajisemea, kumbe huyu ana wa kwake na bado anataka na wangu! Mchana ule nilimchukia kwa watu wawili.

Mtoto wa msusi, yule jirani yangu, ndiye mlinzi wa kituo cha kwanza. Ana miaka kumi na moja na wanamwita Kijiti, jinsi alivyo mwembamba. Upande wa pili kulikuwa na mvulana mnene mpole, anaitwa Tingatinga. Akaupiga mpira ukaenda chini, akaanza kukimbia na mwili wake wote. Mpira ukarushwa kwa Kijiti, lakini ukaenda kombo, ukamvuta kuelekea kwenye mstari wa mkimbiaji. Akanyoosha mkono kuudaka, mguu wake juu ya mto. Tingatinga naye akaangalia mto tu, kama alivyofundishwa. Mto ulikuwa mmoja.

Sitausahau mlio ule. Si mkubwa. Ni kama mtu amevunja rula ya mbao ndani ya nguo. Na kabla mtu yeyote hajasimama, kabla ya msusi mwenyewe kupiga kelele, yule kipofu alikuwa tayari wima, anauliza nani ameanguka, mtoto gani, amefungua macho au hajafungua.

Ulikuwa mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, umevunjika katikati. Nesi alifika kwanza, akapiga magoti, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama akaomba kitambaa. Nikavua mtandio wangu wa njano, ule wa wiki ya kwanza ya ndoa unaoujua. Akaufunga kombeo la kushikilia mkono kwa mafundo mawili, taratibu, huku akimwambia Kijiti kwamba amedaka mpira vizuri, na kweli, mpira ulikuwa bado ndani ya glavu. Kisha akaniangalia akasema, wifi usilie, mfupa wa mtoto huunga haraka. Nilikuwa hata sijui kwamba nalia.

Walipoondoka kwenda hospitali nilizunguka nyuma ya kibanda cha vifaa kutafuta maji, nikasikia sauti ya mume wangu. Alikuwa amekaa chini, mavumbini, na Tingatinga. Mvulana alikuwa anasema kwamba amemuua mwenzake na hatashika rungu tena. Mume wangu akamwambia asikilize, maana anamwambia jambo ambalo hata mke wake hajamwambia. Alipokuwa na miaka kumi na minne na yeye alikimbia hivyo, kurudi kituo cha mwisho. Siku hizo hakukuwa na kanuni, kocha aliwafundisha kushusha bega na kupita. Mdakaji alikuwa amesimama njiani, na mpira ulikuwa bado haujafika. Akashusha bega. Mdakaji aliangukia kisogo, na macho yake yakaanza kufifia mwezi baada ya mwezi mpaka yakazimika. Akasema ilimchukua miaka kumi na moja kuligusa geti la nyumba yao. Alipoligusa, aliyelifungua alikuwa dada wa yule mdakaji, na kitu cha kwanza alichomwambia ni kwamba walikuwa wameanza kudhani amesahau njia. Tangu siku hiyo yeye na dada huyo, ambaye ndiye Bendeji, wanaitana kaka na dada. Na leo, akasema, leo huyo mdakaji amekubali kuja kiwanjani kwa mara ya kwanza, baada ya kukataa miaka yote, na Jumanne dada yake alipoleta habari hizo alilia, hata yeye akalia naye hapo hapo kwenye chokaa.

Dada, hiyo ndiyo alama. Mkono wa mtu anayemshika mwenzake asianguke kwa kulia. Na mimi niliupima kama fundi anayepima kiuno.

Sasa sikia, na usome hapa peke yako, usimsomee shemeji.

Turubai lilikuwa limefika. Nililinunua mwenyewe Jumatatu. Nilikishona kituo chote jioni ya Jumanne na ya Jumatano, baada ya kuiona ile sweta ya bluu, na nilikishona vizuri, kwa sababu mimi nikikasirika mikono yangu ndiyo hunyooka. Mshono mara mbili, pembe zimekazwa, nusu nyeupe na nusu ya machungwa, sifongo ndani. Kisha nikakiweka kwenye sanduku la bati, chini ya gauni langu la harusi, nikafunga kufuli. Sikutaka mtoto aumie. Nilitaka tu mbele ya wazazi wote, siku ya kwanza ya msimu, wasimpigie makofi yule mwanamke. Wiki moja tu, halafu ningekitoa. Wakati Kijiti anavunjika, mlango wake ulikuwa umelala nyumbani kwangu umefunikwa kwa shela.

Nilikaa na jambo hili siku nne. Jumatano mume wangu akasema atapita mwenyewe kwa muuza turubai kuulizia, nami nikaona njia ya mwongo imefika ukutani. Nikafungua sanduku, nikakiweka mezani. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akasema kimeshonwa vizuri sana. Ningeomba anipige kofi kuliko kusema vile. Kisha akauliza kilikamilika lini. Nikamwambia. Nikamwambia na kwa nini, sweta na alama na wifi na nusu sekunde ya darasani, vyote, sikubakiza.

Hakupiga kelele. Alikaa akaangalia mikono yake. Akasema yeye ndiye mwenye kosa la kwanza, kwa kunificha jambo ambalo lilikuwa na haki ya kulala nyumbani kwetu. Aliogopa kwamba mimi ninayemsifia mabega kila asubuhi nikijua mabega hayo yalifanya nini sitayatazama tena. Lakini la Kijiti, akasema, ni la kwangu, na hatalisema kwa niaba yangu. Akasema geti hilo kila siku unayoahirisha linazidi uzito. Akachukua kituo akaenda kukifunga kiwanjani.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa msusi. Alikuwa anamsuka mteja. Nilimwambia nimesimama, mbele ya yule mteja, maana nilijua nikingoja tubaki wawili nitakimbia. Mikono yake haikusimama. Alimaliza mstari mzima, akafunga uzi, ndipo akasema kwamba mtandio wangu ameufua na nitaukuta mlangoni. Mchana alivuta benchi letu upande wake. Birika aliniachia mimi. Hatujasalimiana mpaka leo. Sijui kama atanisamehe, na sina haki ya kumhimiza. Ila jana Kijiti alipita na kombeo lake, akaniuliza kwa dirisha kama ni kweli nusu nyeupe ni yake peke yake na hakuna atakayeikanyaga. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi ataivaa glavu tena mfupa ukiunga.

Nesi nilimfuata zahanati nikamweleza na yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akasema, wifi, ungeniuliza tu. Na ndipo nilipogundua kwamba wivu wangu haujaisha, dada, umehama chumba. Sasa namwonea wivu kwa lile geti alilolifungua. Natamani nami niwe mtu anayeweza kufungua geti namna ile. Wivu huu sitaki kupona.

Nyumbani mume wangu bado ananiletea chai, kikombe kwa mikono miwili. Harudi tena kutafuta rula. Jioni akitoka kiwanjani ananawa bombani kwanza, mpaka viwiko, ndipo aingie. Sijamwambia kwamba nasikia yale maji yakimwagika kama nasomewa hukumu. Nangoja. Nimengoja mambo madogo kwa hasira maisha yangu yote. Hili kubwa nitalingoja kwa adabu.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze kubeba. Wanangu waambie mama yao mdogo anawashonea mfuko wa vitabu kila mmoja, na rangi wachague, isipokuwa ya machungwa. Mama ukimwona mwambie nipo, nakula, nalala. Haya mengine nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, kama nilivyojifunza.

Nitakuja, dada. Kabla mwezi huu haujaisha utanisikia mlangoni. Nikija, kabla hujanikumbatia, nigeuze kwanza utazame mgongoni. Ukikuta hakuna kitu usiniulize, nipe maji na mahali pa kukaa. Lakini ukikuta alama nyeupe, vidole vinne na kinusu, tafadhali usinipanguse.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano